Jiwe la kijani na hadithi ya kimondo: mambo ya kupima kabla hujatoa fedha

Mzee mmoja anayetusikiliza kutoka upande wa Ngaramtoni alitupigia simu baada ya kipindi cha asubuhi. Baada ya shikamoo na marahaba, akatueleza lililokuwa likimsumbua. Kijana mmoja alimletea jiwe la kijani linalong'aa, ukubwa wa punje ya harage. Akamwambia limetoka ndani ya kimondo kilichoanguka usiku nyuma ya Mlima Meru. Bei aliyotajiwa ilikuwa sawa na ng'ombe wawili, na ng'ombe hao mzee alikuwa amewaweka kwa ajili ya ada ya chuo ya binti yake.

Swali lake lilikuwa fupi: "Wanangu, niwauze au nisiwauze?"

Hatukuweza kumjibu siku ile, maana jiwe halipimwi kwa simu. Tulimwomba asitoe fedha kwanza. Kisha tukaenda kuwauliza watu wanaokata na kupima mawe hapa Arusha mjini. Tunaandika hapa tuliyojifunza, kwa sababu tunajua mzee huyu si wa kwanza kuletewa jiwe lenye hadithi, wala hatakuwa wa mwisho.

Je, vito kutoka angani vipo kweli?

Vipo. Ni vichache, na si vya kila aina.

Vimondo vingi vinavyofika ardhini ni vya mawe ya kawaida ya angani. Vingine ni vya chuma kilichochanganyika na nikeli. Kundi dogo sana lina chuma na madini ya kijani pamoja, yaani punje za kijani zimekaa ndani ya chuma kama karanga ndani ya kashata. Wataalamu wanakiita kimondo cha aina hiyo palasiti, kutokana na jina la Peter Simon Pallas, mtaalamu aliyeeleza habari za kimondo kama hicho kutoka Siberia katika karne ya 18.

Madini hayo ya kijani yanaitwa olivini. Punje ya olivini ikiwa safi na ya kupitisha mwanga, huitwa peridoti, na hiyo hukatwa ikawa kito. Kwa hiyo mtu akikuambia ana kito cha kijani cha kimondo, anachodai kuwa nacho ni peridoti iliyotoka katika palasiti.

Jirani zetu wa Kenya wanayo palasiti. Mwaka 2016, ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia zao katika eneo kavu la Sericho na Habaswein, kaskazini mwa nchi hiyo, walikuta mawe makubwa mazito mahali ambapo hapakuwa na mawe mengine. Wazee wa hapo walisema wanayafahamu tangu zamani, na kwamba walipokuwa watoto walikuwa wakicheza juu yake. Mawe yalipopimwa yalikuwa palasiti, na yaliyookotwa yalifikia zaidi ya tani 2. Ukikata kipande chake na kukisugua, unaona chuma cheupe na punje za njano na kijani zinazopitisha mwanga.

Hapa Tanzania vimondo maarufu ni vya aina nyingine. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, kina urefu wa karibu mita 3 na kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Hicho ni chuma chenye nikeli, hakina vito. Kimondo cha Ivuna kilianguka tarehe 16 Desemba 1938, pia upande huo wa kusini magharibi. Ni laini na cheusi, na vipande vilivyookotwa havikufika hata kilo 1. Wanasayansi wanakithamini sana kwa sababu kina mata ya zamani iliyobaki tangu jua na sayari zilipoanza, lakini nacho hakina jiwe la kuvaa kwenye pete.

Olivini ya hapa kwetu

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Olivini haitoki angani peke yake. Iko nyingi sana chini ya ardhi, na volkano huipandisha juu.

Upande wa Monduli kuna kilima cha volkano kinachoitwa Lashaine. Wanajiolojia wa mataifa mengi wanakifahamu, kwa sababu volkano yake ilipolipuka ilibeba vipande vya miamba kutoka kina cha zaidi ya kilometa 100. Vipande hivyo vina olivini ya kijani. Kilima cha Olmani, karibu na Arusha, nacho kina vipande vya namna hiyo. Meru yenyewe ni volkano, na eneo lote linaloizunguka limejaa vilima vidogo vya volkano.

Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuokota punje ya kijani huku kwetu, ikawa olivini halisi, na isiwe imetoka angani hata kidogo. Imetoka chini ya miguu yetu.

Vipimo ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvielewa

Mtaalamu wa vito haangalii uzuri wa jiwe kwanza. Anapima tabia zake, moja baada ya nyingine. Kila kipimo kinafuta majina fulani, hadi libaki moja au mawili.

Kwanza ni rangi. Peridoti ina kijani chenye unjano, kama jani changa la mgomba linapoanza kufunguka. Rangi hiyo inaletwa na madini ya chuma yaliyomo ndani ya jiwe lenyewe. Kijani kilichokolea kama cha majani ya kahawa kinaweza kuwa tsavoraiti, ile ganeti ya kijani ya Simanjiro, au tumalini. Lakini usitoe hukumu kwa rangi peke yake. Chupa nayo ni ya kijani.

Pili ni uzito ukilinganishwa na maji. Hiki unaweza kukifanya mahali penye mizani ndogo ya kidijitali, kama kwa sonara. Pima jiwe likiwa kavu, uandike gramu zake. Kisha weka kikombe chenye maji juu ya mizani na urudishe mizani kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, ulizamishe lote majini likiwa linaning'inia, lisiguse chini wala pembeni, na lisiwe na mapovu. Mizani itaonyesha namba ndogo. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo.

Tutoe mfano. Jiwe la gramu 10 likionyesha gramu 4 majini, jibu ni 2.5. Hicho ni kiwango cha kioo cha kawaida. Likionyesha gramu 3, jibu ni karibu 3.3, na hapo peridoti inawezekana. Kwatzi ni 2.65, tumalini karibu 3.1, tsavoraiti karibu 3.6. Tanzanaiti nayo ni karibu 3.35, sawa kabisa na peridoti, ndiyo maana tunasema kipimo kimoja hakitoshi.

Tatu ni mwanga. Mwanga ukiingia kwenye jiwe hupinda, na kila aina ya jiwe hupinda mwanga kwa kiasi chake. Maji yana namba 1.33, kioo cha dirisha karibu 1.52, tsavoraiti karibu 1.74. Peridoti inaanzia karibu 1.65 hadi 1.69. Namba hizo zinasomwa kwa kifaa kiitwacho rifraktomita, ambacho wapimaji wa vito wanacho mezani.

Peridoti ina namba mbili kwa sababu inagawa mwanga sehemu mbili, tena kwa nguvu. Ukiangalia jiwe lililokatwa kwa kioo cha kukuzia, kile kidogo ambacho madalali wanatembea nacho mfukoni, utaona mistari ya upande wa nyuma imekuwa miwili miwili, kama maandishi unapoyaona ukiwa na usingizi. Tsavoraiti haifanyi hivyo, na kioo hakifanyi hivyo. Tumalini hufanya, ila kwa kiasi cha nusu hivi ya peridoti. Kama jiwe ni ghafi, fundi anaweza kulisugua sehemu ndogo pande mbili ili apate mahali pa kuchungulia.

Nne ni ugumu. Peridoti iko kati ya 6.5 na 7 katika kipimo cha 1 hadi 10, ambacho juu kabisa kuna almasi. Inaweza kukwaruza kioo cha dirisha. Lakini tunashauri usifanye jaribio hili. Utaharibu jiwe, na mawe mengi ya thamani na yasiyo na thamani yanakwaruza kioo pia.

Tano ni kuangalia ndani. Kioo kilichoyeyushwa mara nyingi kina mapovu ya mviringo. Peridoti ya ardhini mara nyingi ina alama bapa za duara zenye kitone katikati. Peridoti ya kimondo inaweza kuwa na mistari myembamba iliyonyooka na kulala sambamba, au chembe za chuma. Kuzitofautisha kunahitaji hadubini na jicho lililozoea.

Vipimo hivi vinaishia wapi

Sasa tunafika kwenye kiini cha swali la mzee wetu. Vipimo vitano hivi vyote vinaweza kukuambia kwamba jiwe ni peridoti. Haviwezi kukuambia kwa uhakika limetoka wapi. Peridoti ya angani na ya volkano ni madini yale yale. Uzito wake unakaribiana, namna ya kupinda mwanga inakaribiana, ugumu ni ule ule.

Wanaopima maabara wana njia ya kuzitenganisha, na inashangaza kidogo. Mtu angedhani jiwe la angani ndilo litakuwa na nikeli nyingi, kwa kuwa chuma cha vimondo kina nikeli. Ni kinyume chake. Ndani ya palasiti, nikeli karibu yote ilikimbilia kwenye chuma, na punje za kijani zikabaki na kidogo mno. Huku ardhini, olivini iliyotoka kina kirefu hakuwa na chuma tupu pembeni yake cha kuipokonya nikeli, kwa hiyo imebaki nayo. Mashine ya maabara hupima kiasi hicho kidogo kwa kutumia mwale wa leza. Hakuna mtu anayeweza kuona nikeli kwa macho, wala kwa tochi ya simu.

Ushahidi mwingine ni chuma chenyewe. Punje ikiwa bado imo ndani ya chuma cha palasiti, hadithi yake inaweza kuaminika, na chuma hicho nacho kinapimika. Punje ikishatolewa peke yake, imeacha ushahidi wake nyuma. Na jambo jingine: punje za palasiti nyingi zina nyufa, hivyo vito safi vinavyopatikana humo huwa vidogo. Mtu akikuletea jipande kubwa, safi, lisilo na alama ya chuma, akadai ni la kimondo, una sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Majina mengine unayoweza kusikia

Kuna mawe mengine yanayouzwa kwa jina la anga.

Moldavaiti ni kioo cha kijani kinachopatikana zaidi nchini Czechia. Kilitokea karibu miaka milioni 15 iliyopita, kimondo kikubwa kilipopiga ardhi ya Ujerumani ya leo, udongo ukayeyuka na kurushwa mbali. Kwa hiyo ni udongo wa dunia ulioyeyuka, si jiwe la angani. Uzito wake ukilinganishwa na maji ni karibu 2.35 na haugawi mwanga. Vipande vya chupa vilivyoyeyushwa huuzwa kwa jina lake.

Moisanaiti iligunduliwa na Henri Moissan mwaka 1893 katika vipande vya kimondo cha Canyon Diablo, Marekani. Huko ilikuwa chembe ndogo mno. Moisanaiti yote unayoiona kwenye pete leo imetengenezwa kiwandani. Mtu akikuambia pete yake ina moisanaiti ya angani, ujue ametumia historia ya kweli kuuza bidhaa ya kiwanda.

Almasi nazo zimo katika baadhi ya vimondo, lakini nyingi ni ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona.

Ukiokota jiwe unaloshuku ni kimondo

Tusiwakatishe tamaa. Vimondo huanguka popote, na mfugaji anayeijua ardhi yake ana nafasi nzuri kuliko mtu wa mjini ya kuona jiwe geni. Ndugu wale wa Sericho walishuku kwa sababu hiyo tu: hapakuwa na mawe mengine.

Kimondo kilichoanguka karibuni kina ganda jembamba jeusi kwa nje, kama kilichopakwa masizi. Kinaweza kuwa na vishimo kama alama za vidole kwenye ugali. Kwa kawaida ni kizito kuliko jiwe la ukubwa wake. Hakina matundu mengi kama jiwe la volkano la kujengea.

Ukisugua jiwe nyuma ya kigae, upande usio na mng'ao, likaacha alama nyekundu ya kahawia au nyeusi, hayo huwa ni madini ya chuma ya ardhini. Vimondo vingi haviachi alama. Sumaku huvutwa na vimondo vingi, lakini miamba ya Meru nayo ina madini yanayovuta sumaku, hivyo sumaku kushika si ushahidi. Tena, kama kweli uliona kimondo kikianguka, usikiguse kwa sumaku kabisa. Inafuta kumbukumbu ya usumaku ambayo wanasayansi wanaitafuta.

Jihadhari pia na hadithi ya moto. Kimondo huwaka kikiwa juu sana. Kikikaribia ardhi kimepunguza mwendo na mwanga wake umezimika. Mwanga uliouona ukipotelea nyuma ya Meru unaweza kuwa ulikuwa mamia ya kilometa kutoka hapo. Anayesema aliokota jiwe likiwa bado linawaka na nyasi zinaungua, ongeza wasiwasi.

Usilivunje jiwe, usilichome, usilioshe kwa tindikali. Lipige picha mahali lilipo kabla hujaliinua, weka kiberiti pembeni ili ukubwa uonekane, na uhifadhi alama ya mahali kwenye simu. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kwa upimaji wa vito, hapa Arusha mjini kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, TGC. Kwa miamba na vimondo kuna Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, yenye makao makuu Dodoma. Ofisi ya Madini ya mkoa inaweza kukuelekeza. Na kumbuka, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataka anayenunua na kuuza madini awe na leseni. Mwombe muuzaji akuonyeshe leseni yake kabla hajakuonyesha jiwe.

Lililompata mzee

Tulimrudia mzee na kumwomba amshawishi kijana waje mjini wote wawili, na jiwe. Walikuja. Kwa sonara, jiwe lilipimwa gramu 2.04. Majini mizani ilionyesha 0.61. Tuligawanya mbele yao, tukapata 3.34. Fundi wa kukata akasugua pembe mbili, akachungulia, akaona mistari ni miwili miwili. Rifraktomita nayo ikasoma namba za peridoti.

Kwa hiyo kijana hakuwa ameleta chupa. Lilikuwa jiwe halisi, na huenda hata yeye aliamini aliyoambiwa na aliyempa. Lakini hapakuwa na chuma, hapakuwa na cheti cha maabara, hapakuwa na mahali pa kuonyesha kwamba kimondo kilianguka hapo. Fundi alimweleza mzee kwamba kwa alichokiona, jiwe hilo lilikuwa na thamani ya peridoti ya kawaida, na bei hiyo haikufika hata robo ya ng'ombe mmoja. Kiasi kingine chote alichotajiwa kilikuwa bei ya hadithi.

Mzee akamrudishia kijana jiwe lake, akamshukuru, wakaagana kwa amani. Wakati wa kupanda daladala akatuambia, "Kumbe jiwe lilikuwa la kweli, ila maneno ndiyo yalikuwa ghali."

Ng'ombe wake bado wako zizini, wakisubiri chuo kifunguliwe. Nawe msikilizaji, ukiletewa jiwe la namna hii, fanya kama mzee: fedha zibaki nyumbani, jiwe liende mezani kwa mpimaji, na anayeliuza aende pamoja nalo. Akikataa kwenda, hilo nalo ni jibu.